Safina ya Kioo Huko Sori

Nilikwenda Sori kutafuta nyimbo, nikarudi na habari za samaki asiyezidi kidole changu cha shahada. Ndugu msomaji atanisamehe. Nyimbo za wavuvi wa ziwani nitazileta siku nyingine, inshallah, kwa kuwa nyimbo huweza kungoja. Samaki huyu amekwisha kungoja mno, na mimi binafsi nina deni lake ambalo nitalieleza huko mbele.

Sori iko kwenye ghuba ya Karungu, katika Kaunti ya Migori, na mpaka wa Homa Bay hauko mbali. Nilishika njia ya Homa Bay, nikapita Rodi Kopany na Ndhiwa, mpaka pale barabara inapoteremka na ziwa likajitandaza mbele ya macho. Sisi watu wa pwani kila tukiliona Ziwa Victoria macho hutudanganya. Lina upeo kama bahari, lina mawimbi, lina vyombo. Mpaka uteke maji kwa kiganja uyaonje ndipo uamini kwamba hayana chumvi.

Jioni ile wavuvi wa omena, yule tunayemwita dagaa, walikuwa wakitayarisha taa zao, na ufuoni masanduku ya barafu yalikuwa yakipokea mbuta. Simu yangu ilikuwa imezimika. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja wa simu, kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye kibanda cha mabati karibu na soko. Nilipoingia nikayaona maji yakiwaka taa kati ya nyaya na simu zilizofunguliwa matumbo.

Lilikuwa tangi la kioo, urefu wake kama mita moja, lenye kuchukua maji debe nane. Chini mlikuwa na mchanga wa ufuoni, mawe matatu na majani ya majini. Na humo walikuwamo samaki wadogo kama kumi hivi, wakienda na kurudi kwa adabu kama watoto wa chuo waliosikia kikohozi cha mwalimu.

"Karibu, mzee," akasema kijana. "Simu itachukua saa nzima. Kaa uwatazame fulu."

MAMA ALIYEFUNGA

Nikakaa. Samaki mmoja nikamwona amejitenga pembeni, chini ya jani, kidevu kimemvimba kama mtu mwenye jipu la jino. Kijana alipowanyunyizia unga wa omena, wenzake wote waliruka juu, yeye hakusogea.

"Huyo ni mgonjwa," nikamwambia.

Akacheka. "Huyo si mgonjwa, mzee. Ana watoto kinywani. Leo ni siku ya kumi na moja hajala."

Nikapigwa na butwaa. Mimi nimelelewa kando ya bahari. Changu, tasi na kolekole nawajua tangu nikiwa mtoto, na dema nimezitega. Lakini samaki anayefunga saumu siku kumi na moja kwa ajili ya wanawe sikuwa nimepata kumwona.

Basi kijana akanieleza, huku mikono yake ikiendelea na kazi. Dume hupiga shimo dogo mchangani, akalisafisha kwa kinywa chake, kisha hujipamba rangi: mwili hung'aa samawati na dhahabu, na kwenye ncha ya pezi la chini huwaka doa jekundu. Husimama mbele ya jike akitetemeka mwili mzima. Jike akiridhika huingia shimoni, akataga mayai machache, hapo hapo akageuka na kuyaokota kinywani, akataga tena, akaokota tena, na dume akiyarutubisha. Wakimaliza, kazi ya dume imekwisha. Jike huondoka na amana yake kinywani, na kwa siku kumi mpaka kumi na nne hivi hali kitu. Huyapindua mayai taratibu ili yapate hewa, yakaanguliwa humo humo, na watoto wakakaa humo humo mpaka kiini cha yai walichozaliwa nacho kiishe.

Siku akiwatema hawaendi mbali. Kwa siku kadhaa huogelea mbele ya uso wake kama vumbi lenye macho. Kukipita kivuli, mama hushusha kichwa na wote hukimbilia ndani tena. Nikamkumbuka Nabii Yunus, amani iwe juu yake, aliyemezwa na samaki akatemwa mzima. Ile kwake ilikuwa mtihani. Hawa wadogo humezwa kwa hifadhi.

Samaki huyu wataalamu humwita Pseudocrenilabrus multicolor. Wafugaji wa Ulaya humhesabu miongoni mwa jamaa vibete wa ukoo mkubwa ambao ndani yake wamo sato, ngege na furu wetu wote. Alipewa jina la kitaalamu mwaka 1903 na Mjerumani Schöller, kutokana na samaki waliotoka Misri. Wa upande wetu walipewa jina lao la ziada, victoriae, mwaka 1990. Msomaji asistaajabu kusikia samaki wa Sori ana ndugu Misri: maji ni yale yale. Nile hutoka katika ziwa hili, na mto ni udugu. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 100 samaki wa jamaa hii wamekuwa wakilelewa katika vyumba vya Wajerumani, na vizazi vya watoto wa huko wamemtazama mama huyu akifunga, ilhali mimi Mwafrika wa Mashariki namwona leo kwa mara ya kwanza nikiwa na mvi.

UFUNDI WA TANGI

Nikamwuliza amejifunza wapi. Akasema kwanza alijifunza kwa kuua. Tangi la kwanza alilijaza maji ya bomba yenye dawa, samaki wakafa usiku mmoja. La pili lilivuja. Hili la tatu amelifunga mwenyewe kwa vioo vya fundi madirisha na gundi ya silikoni, akaliacha siku kadhaa likauke ndipo akalitia maji.

Maji huyateka ziwani, akayaacha ndani ya pipa mpaka matope yatulie. Kila juma hubadilisha robo tu. Ukibadilisha yote, asema, unawaondolea vijidudu vyema vinavyokula uchafu wao. Pampu yake ya hewa ni kichombo kidogo kinachokwenda kwa betri na umeme wa jua, nayo huvuta maji kupitia kipande cha sifongo kinachokamata taka. Joto la Sori lenyewe lamtosha. Mfugaji wa Ulaya hulipia umeme ili maji yafike nyuzi 25, na yeye hupewa bure na Mola.

Chakula ni unga wa omena, viluwiluwi vya mbu, na wale wadudu wa ziwani wanaopanda angani kwa makundi kama moshi wa tanuri. Watoto wachanga huwapa unga uliosagwa mpaka umekuwa kama poda, na maji ya kijani yenye vijidudu visivyoonekana. Jike akishabeba humtenga na wenzake, au humfanyia maficho ya majani, kwa sababu dume asiyejua kazi yake imekwisha humsumbua mpaka ateme kabla ya wakati.

Fulu hawa aliwatoa kwenye kinamasi cha mafunjo, upande wa Mto Kuja. Hapo pana siri ambayo ndiyo kiini cha habari yangu, lakini kabla ya kuifika, alitoka nyuma ya pazia bibi yake aliyemlea, akiwa na bakuli la chai.

MANENO YA DANI

Wajaluo humwita bibi dani. Dani wa kijana huyu ni mama wa makamo ya kuitwa bibi hata na mimi, lakini kwa heshima nilimwita mama. Alikaa mbele ya tangi, akaweka kidole juu ya kioo, akaanza kunieleza kwa Kiswahili cha ziwani, na pale kilipomkwama mjukuu akamfasiria.

Alipokuwa msichana, alisema, fulu hawakuhitaji mashua. Wanawake na watoto waliwavua ufuoni kwa ndoana ndogo na vikapu. Walikuwa wengi mno na wa rangi nyingi mno: weusi, wekundu, wa samawati, wenye vidoa vya manjano. Waliwakausha juani, wakawatia sokoni kwa mafungu, na mtoto aliyetoka shule hakukosa fulu wawili watatu chunguni. Kisha ukafika wakati akatupa ndoana asubuhi kutwa, asipate hata mmoja. Nikamwuliza ni nani aliyewamaliza. Akaelekeza kidevu upande wa masanduku ya barafu.

"Mbuta," akasema. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaongeza: "Lakini usimtukane. Mbuta ndiye aliyenijengea nyumba hii ya mabati. Fulu alikuwa wa chungu cha watoto. Mbuta ni wa lori."

Sijapata kusikia uchumi wa Ziwa Victoria ukielezwa kwa maneno machache zaidi ya hayo.

DENI LANGU

Hapa ndipo ninapopaswa kuungama. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwa sababu ya wavuvi waliokuwa wakitumia sumu, nilikuwa mwandishi kijana, nikatumwa Nyanza kuandika habari za vibarua waliokosa kazi. Niliandika kwa huruma, na sijutii huruma ile. Lakini katika makala ile palikuwa na sentensi moja niliyoipata kinywani mwa wakubwa nikaipitisha bila kuipima. Nilisema kwamba kabla ya kuja mbuta, ziwa lilikuwa limejaa "samaki taka" wasio na faida.

Samaki taka! Ndiye huyu aliyekuwa mbele yangu amefunga saumu siku ya kumi na moja. Sisi watunzi tumefundishwa kwamba neno ni amana, na mimi neno lile nililitupa kama ganda la muwa. Nilipomweleza dani, hakunilaumu. Aliuliza tu: "Uliwahi kuwaona?" Nikasema la. "Basi," akasema, "ungejuaje?"

YALIYOLIPATA ZIWA

Msomaji wa Lamu au Tanga pengine hajui ukubwa wa msiba huu, basi na aujue. Ziwa Victoria liliwahi kukauka, likajaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Katika muda huo, ambao kwa umri wa dunia ni kufumba na kufumbua, humo wakapatikana furu wa aina zaidi ya 500, wengi wao wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Walikuwapo wala mwani, wala konokono, wala wadudu, wala samaki wenzao, na hata wale waliowinda watoto kutoka vinywani mwa mama zao. Upimaji wa miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970 ulionyesha kwamba kwa uzito, kama sehemu nane katika kumi za samaki wakaao karibu na sakafu ya ziwa walikuwa furu.

Mbuta, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara, aliletwa katika miaka ya 1950 na kuzidishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Serikali ya kikoloni ilitaka samaki mkubwa wa kuvuliwa na kuuzwa, na furu akaonekana chakula cha kumnenepesha mkubwa huyo, ambaye huweza kufikia kilo 200. Mtaalamu Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 kuonya kwamba jambo hilo lisifanywe. Hakusikilizwa. Kwa miaka ishirini hivi ikawa kama hakuna lililotokea. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 mbuta wakalipuka, kwanza upande wa Kenya, halafu Uganda na Tanzania. Ndani ya muongo mmoja wale waliokuwa sehemu nane katika kumi wakawa hawafiki hata moja katika mia. Aina zikadiriwazo kuwa 200 zikatoweka, nyingi kabla hazijapewa majina.

Wala mbuta peke yake asibebeshwe mzigo wote. Mashamba na miji ilishusha mbolea na taka, mwani ukazidi, na maji yakawa mazito. Mwaka 1997 mtaalamu Ole Seehausen na wenzake walieleza jambo ambalo mtunzi yeyote angelitamani alibuni yeye. Furu jike humchagua dume kwa rangi yake, na ndivyo kila aina inavyojitunza isichanganyike na nyingine. Maji yakitibuka, rangi hazionekani. Jike humkubali dume asiye wa kwao, na aina mbili huyeyuka zikawa moja. Walipotea, kwa maneno mengine, kwa kutoonana.

Miongoni mwao yumo mmoja wa ghuba ya Mwanza, dume lake lina mgongo mwekundu na mbavu za manjano zenye milia myeusi. Wanasayansi wa Kiholanzi walimpa jina mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu Julius Nyerere alipong'atuka urais, wakamwita nyererei kwa heshima yake. Leo wafugaji wa Ulaya na Marekani hulitamka jina la Mwalimu kila siku wanapolisha matangi yao, na wengi wetu hatujui.

SAFINA

Katika kisa cha Nabii Nuhu niliyofundishwa chuoni, wanyama walipanda safina jozi jozi, na samaki hawakutajwa. Gharika si hatari kwa mwenye mapezi. Zama zetu zimepindua kisa. Sasa ni samaki ndiye anayehitaji safina, na safina yenyewe ni ya kioo.

Wale wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walioanza kazi Mwanza mwaka 1977, waliwabeba furu hai wakawalea kwao. Katika miaka ya 1990 mabustani ya wanyama ya Marekani yalifanya mpango wa pamoja wa kuwazalisha furu wa Ziwa Victoria. Les Kaufman wa Boston alikuwa miongoni mwa waliousukuma. Mmoja wa waliolelewa hivyo ni furu wa Ziwa Kanyaboli, huko Siaya, mwenye rangi nyekundu na kijani. Wafugaji wa Marekani wamempachika jina la "fulu wa Krismasi". Tazameni, ndugu zangu: neno la dani wa Sori, fulu, limevuka bahari na kukaa katika ndimi za watu ambao hawajapata kuliona ziwa hili, ilhali vijana wa ufuoni wanalisikia kama hadithi ya wazee.

Lakini safina si nchi kavu. Samaki aliyelelewa tangini kizazi baada ya kizazi hulegea. Waliobaki wachache huoana ndugu kwa ndugu. Na mfugaji asiye makini huchanganya aina mbili akapata chotara asiye na kwao. Kijana wa Sori analijua hilo. Kila tangi lake lina aina moja tu, na juu yake amebandika karatasi: wametolewa wapi, siku gani. Na samaki wa tangini harudishwi ovyo kwenye maji asiyotoka.

Sasa nirejee kwenye ile siri ya kinamasi, ambayo niliiona kwa macho usiku ule ule.

USIKU WA GIZA

Baada ya magharibi upepo ulivuma kutoka ziwani, mvua ikashuka, umeme wa mji ukakatika. Betri ya kijana ilikuwa kuukuu; baada ya saa mbili pampu ikakohoa ikanyamaza. Mimi nikaruka. Nikachukua kikombe, nikaanza kuteka maji ya tangi na kuyamwaga kutoka juu ili yachukue hewa.

"Acha hao, mzee," akasema kijana. "Hao wamezoea. Nisaidie kwa wale wa mawe."

Kumbe nyuma alikuwa na tangi la pili, lenye furu wanane wa miambani. Hao tayari walikuwa juu, vinywa vimegusa uso wa maji, wakipumua kwa shida. Tulisimama, mimi na yeye, tukiteka na kumwaga, tukiteka na kumwaga, kwa taa ya simu yangu ambayo bahati njema alikuwa amekwisha kuitia moto. Dani alikuja akachukua zamu bila kuulizwa. Karibu na alfajiri umeme ukarudi. Wawili katika wanane walikuwa wamekufa. Kijana aliwatoa kwa mkono, akawafunga katika gazeti, hakusema neno kwa muda.

Wale wa kinamasini hakufa hata mmoja.

Hiyo ndiyo siri. Ndani ya mafunjo maji hayana hewa ya kutosha, na mbuta hawezi kuishi humo. Fulu huyu mdogo anaweza. Lauren Chapman na wenzake, ambao wamemchunguza samaki huyu kwa miaka mingi katika maji ya Uganda, wameonyesha kwamba wa kinamasini wana matamvua makubwa kuliko wenzao wa maji yenye hewa, na hata watoto wa mama mmoja wakilelewa katika maji machache hewa huota matamvua makubwa zaidi. Mahali palipoonekana pabaya ndipo palipokuwa ngome. Hali kadhalika Ziwa Kanyaboli, lililozungukwa na mafunjo ya Yala, limewahifadhi furu na ngege waliokwisha katika ziwa kubwa.

Kwa hiyo safina ya kwanza si kioo. Ni mafunjo na miamba, ambayo sisi huyakata, tukayachoma na kuyakausha tupate shamba, tukidhani ni pori lisilo na mwenyewe. Tangi la kioo ni safina ya pili. Ukiniuliza faida yake, sitasema kwamba debe nane za maji zitaliokoa ziwa. Faida yake ni ile aliyoitaja dani kwa swali moja: uliwahi kuwaona? Ziwa limetibuka, na jike wa furu hamwoni dume wake. Nasi vile vile hatukumwona furu, ndiyo maana tukamwita taka. Mtu hatetei asichokiona. Kioo hutuonyesha.

Napendekeza basi, kwa unyenyekevu wa mgeni, kwamba kila shule ya ufuoni, kuanzia Muhuru mpaka Mbita na kuendelea, iwe na tangi moja. Gharama ni vioo, gundi, pampu ndogo na mwalimu mwenye subira. Samaki mmoja wa aina moja ya mahali hapo hapo, na karatasi ya kwao imebandikwa. Mtoto aliyemwona mama akifunga siku kumi na mbili kwa ajili ya wanawe hatayachoma mafunjo kwa urahisi.

Nilisali alfajiri kibandani, juu ya kipande cha boksi. Nilipotoa salamu nikamwona dani ameinama mbele ya tangi la kwanza, akinipungia mkono nije. Mama wa chini ya jani alikuwa amefungua kinywa. Mbele ya uso wake yalielea macho madogo meusi, ishirini, thelathini, hatukuweza kuyahesabu. Dani aliinua kidole karibu na kioo, na mara wote wakatoweka. Kidevu kikavimba tena. Alishusha kidole, wakatoka. Akarudia mara tatu, akicheka kama msichana wa kwenye ufuo ule wa zamani.

Kijana alichota unga laini wa omena kwa ncha ya kisu. Mama, baada ya siku kumi na mbili, akala.

Na mimi deni langu nalilipa kwa sarafu niliyo nayo:

Ewe samaki mdogo, uliyevikwa dharau,
Kinywani una mzigo, wana hukuwasahau,
Tuliokupa kisogo, twakuundia madau,
Ya kioo, si ya gogo, upone nawe walau.